Kusafirisha kabati la maboksi na kitanda kizito bila kuvunja kona

Wadau, kama umenunua kabati la nguo la milango mitatu au minne, lile linalokuja limefunguliwa vipande vipande ndani ya maboksi, au unahama na kitanda chako cha mninga cha sita kwa sita, soma hii kwanza kabla hujampigia mtu wa kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo. Mimi kabati langu la kwanza nililitoa Kariakoo kwenda Goba hapa Dar, maboksi manne, njia nzima sikusikia hata kitu kugonga, nikawa na amani kabisa. Tumefika getini tingo, yule msaidizi wa dereva, akavuta boksi refu peke yake akalitua kwa kona ya chini kwenye zege, paa. Kufungua ndani, ubao wa pembeni kona imesagika kama biskuti, na ule ndio ubao unaouona ukiingia tu chumbani. Dukani wakasema wao walinikabidhi mzima, dereva akasema kazi yake ni kuendesha. Toka siku hiyo nimeshahamisha fanicha za ndugu na majirani mara nyingi tu na ninachokiona ni kilekile, vitu vinaumia kwenye zile sekunde chache za kunyanyua na kutua, gari ikiwa imesimama. Kwa hiyo hela yako na macho yako yaweke hapo.

Kwanza ujue unabeba nini. Makabati mengi ya maboksi ni MDF au chipibodi, yaani unga na vipande vya mbao vilivyogandishwa kwa gundi, halafu juu ikavalishwa ngozi nyembamba yenye mchoro wa mbao. Watu wanadhani ni nyepesi kwa sababu sio mbao ya mti, kumbe shiti moja ya MDF ya milimita 18, ile ya futi 8 kwa 4, inacheza kwenye kilo 40. Boksi lenye mbao nne ndefu za kabati linaweza kupita kilo 60, na mfuko wa simenti ni kilo 50, ila simenti inakaa begani inatulia, hili lina mita mbili, halina pa kushika, na upepo ukilipiga linakugeuza wewe. Na pamoja na uzito wote huo, kona zake ni dhaifu kuliko kitu chochote, ukiligonga mara moja tu ngozi inapasuka na unga unamwagika. Likipata maji linavimba, na likishavimba halirudi hata ulianike mwezi mzima. Likikaa limeshikwa huku na huku katikati pako hewani linapinda, na ubao uliopinda mlango wake haufungi tena sawasawa.

Wazo la kusafirisha fanicha ikiwa imefunguliwa ni la zamani sana, kampuni ya Thonet kule Austria karne ya 19 walikuwa wanapanga viti 36 vilivyofunguliwa ndani ya kreti moja ya mita moja ya ujazo na vinasafiri salama mpaka ng'ambo. Siri yake ni kwamba ndani ya kreti hakuna nafasi ya kitu kucheza. Hata haya ya kwetu yakiwa ndani ya kontena yamebanana, hayana pa kwenda, shida inaanza yakitoka kwenye kontena moja moja kuingia kwenye guta la matairi matatu, kutoka kwenye guta kuingia kwenye kirikuu, kutoka kirikuu kupanda ngazi ghorofa ya pili. Kila mkono unaobadilishana ni nafasi ya kona kugonga chini.

Sasa kabla hujalipa chochote pima. Pima mlango wa nyumba, pima korido, pima pale ngazi inapokata kona, halafu muulize muuzaji urefu wa boksi refu kuliko yote, asikwambie urefu wa kabati likiwa limesimama, mwambie apime boksi lenyewe mbele yako. Hii inakusaidia na gari pia. Kirikuu, zile Suzuki Carry, bodi lake lina kama mita 1.94 urefu na mita 1.41 upana, na kiwandani imepangiwa kubeba kilo 350. Uzito wa kabati moja sio tatizo, tatizo ni urefu. Boksi la mita 2 au 2.1 linatoka nje kidogo, hilo sawa, unashusha geti la nyuma unalifunga vizuri na kitambaa chekundu unaweka. Boksi la mita 2.4 mimi siliweki kwenye kirikuu, linaning'inia nyuma karibu nusu mita na kila rasta (vile vituta vidogo vilivyopangana barabarani) mnayopita lile boksi linachapa juu chini, juu chini, mpaka mfike ubao umeshachoka katikati. Hapo tafuta lori dogo kama Canter hata kama ni ya kuchangia na mtu mwingine. Guta za matairi matatu natumia kutoka dukani mpaka gari ilipoegeshwa basi, tena natembea pembeni nimeshika.

Hapohapo dukani hesabu maboksi. Yameandikwa namba, la kwanza kati ya manne, la pili kati ya manne, na mara nyingi boksi la skrubu na vidude vidogo limeingizwa ndani ya mojawapo kwa hiyo uliza lipo lipi. Zunguka kila boksi uangalie kona zote nane, kona ikiwa imebonyea au karatasi imelowa na kukauka (utaona alama kama ramani) mwambie afungue, usione aibu, na piga picha kila boksi kabla halijatoka. Mimi zile picha za siku ya kwanza sikupiga ndio maana sikuwa na la kusema.

Kuhusu watu. Boksi zito lolote ni la watu wawili, na likizidi kilo 50 pamoja na ngazi ni watu watatu, wawili wanabeba mmoja anaongoza na kufungua milango. Najua kuna makuli wenye nguvu ambao watakwambia bosi niachie hiyo naweka kichwani, na kweli anaweza, nguvu anazo, ila kulitua ndio hawezi peke yake bila kugongesha kona, hakuna namna, kitu kirefu ukikitua peke yako lazima ncha moja itangulie. Ndio maana patana bei mapema kwa kusema waziwazi: kila boksi watu wawili, hakuna kuburuta, hakuna kutupa, hela ya mwisho natoa nikishafungua. Ukiongea hivyo kwa heshima, ukawaambia kaka zangu hii kitu ikigusa chini kwa kona imekufa, wanaelewa na wanafanya vizuri. Wengi wanaharibu kwa sababu hakuna aliyewaambia ndani kuna nini, wanabeba kama wanavyobeba mabati. Elfu tano au kumi ya kuli wa ziada ni ndogo mno ukilinganisha na ubao mmoja ambao hata ukitaka kuununua peke yake haupatikani.

Namna ya kubeba sasa, na hapa naomba mtulie kidogo. Boksi la mbao usilibebe likiwa limelala kama machela, katikati linazama na vidole vinateleza. Lisimamishe kwa ubavu wake mrefu, kama mtu anavyobeba kioo cha dirisha, mmoja kila ncha, mmoja asimame upande wa kulia wa boksi na mwenzake upande wa kushoto ili lisiangukie upande mmoja. Mkono mmoja chini, mwingine juu unaliegemeza mwilini. Mnachuchumaa kwa magoti, mgongo umenyooka, anayeongea awe mmoja tu, moja mbili tatu twende. Wakati wa kushusha mnaongea tena, na chini pale mnapolitua kuwe kumeshawekwa kitu laini. Mimi natumia kandambili za zamani, zile za mpira, naweka moja kila ncha na boksi linatua juu yake, hakuna kitu kizuri kama hicho na hakina gharama. Hizohizo kandambili ukizikata vipande zinakuwa kinga ya kona chini ya kamba, tutafika huko. Glovu za fundi zile za mpira kiganjani zinasaidia pia maana karatasi za maboksi zinateleza sana mikono ikitoa jasho, na jua letu mnalijua.

Ukifika kwenye gari fagia bodi kwanza. Kokoto moja au msumari uliobaki kwenye mzigo wa jana unatoboa boksi na kuchora ubao mkwaruzo mrefu ambao hauondoki. Tandika mkeka wa zamani au maboksi yaliyofunguliwa. Mbao ndefu zinalala bapa kwenye bodi, zimeguswa chini pote, kubwa na nzito chini kabisa, ndogo juu, na ncha zipangwe zilingane. Kosa ninaloliona kila siku ni watu kutandika godoro nene halafu wanalaza mbao juu yake wakidhani wanazibembeleza, godoro linazama katikati na mbao zinapinda nalo. Godoro lisimamishe mbele, kati ya mbao na kibini, dereva akifunga breki ya ghafla mbao zinagonga godoro badala ya chuma.

Milango ya vioo na vioo vyenyewe havilali hata siku moja. Vinasimama kwa ubavu, kwa urefu wa gari, vimebanwa katikati ya vitu laini kama mito na mablanketi, na kila kioo kiwe na blanketi lake, viwili visigusane.

Kamba. Funga sehemu mbili, kila moja kama robo ya urefu kutoka kwenye ncha, na kila kamba inapopita kwenye kona weka kile kipande cha kandambili au karatasi ngumu iliyokunjwa, maana kamba ya manila ikikazwa inakata boksi kama kisu na inaingia kwenye ubao. Ile mikanda mipana yenye kikazio cha chuma ni mizuri zaidi ila inakaza sana, ukisikia boksi linalia acha hapo. Kwa kamba ya kawaida mwambie tingo apige lile fundo la kitanzi, anafunga ncha moja upande huu, anarusha upande wa pili, katikati ya kamba anatengeneza kitanzi, ncha inapita kwenye ndoano inarudi ndani ya kitanzi na anavuta kwenda chini, inakaza bila kumaliza nguvu na kufungua ni sekunde moja. Mkishatembea kilomita moja au mbili simameni mkaze tena, kwa sababu maboksi yakishatikiswa yanakaa na kamba inalegea. Hii watu wengi hawaifanyi.

Na jambo moja nakuomba usilionee haya kabisa, hakuna mtu kukaa juu ya maboksi. Tingo akikaa juu na gari ikapita kwenye shimo, uzito wake wote unashuka kwenye sehemu moja ya ubao. Mpe nafasi mbele, au abaki apande bodaboda umlipie wewe.

Njiani hakuna mengi, mwambie dereva matuta na rasta apite polepole na kwenye rafu rodi asifukuzane na mtu. Wewe kaa mbele au fuata nyuma, usiache mzigo uende peke yake ukautegemea ufike kwanza.

Mvua ndio adui mwenyewe. Masika, Machi mpaka Mei, mimi kama naweza kusubiri nasubiri, na hata vuli Oktoba mpaka Disemba mawingu ya Dar hayaagi. Turubai pekee halitoshi kwa sababu maji yanaingia pia kwa chini, bodi la gari linashika maji kama beseni. Kwa hiyo tandika nailoni nene chini, weka vipande vya mbao vya unene mmoja vitatu au vinne vilivyopishana sawa, ndio upange maboksi juu yake, halafu nailoni ikunjwe juu, halafu turubai. Ncha ya mbele ya turubai iingie chini ya mzigo ili upepo usiifunue, kama mna vipande viwili basi cha mbele kilalie juu ya cha nyuma. Boksi likilowa licha ya yote hayo usiliache hivyo kwa kusema litakauka, karatasi iliyolowa inashikilia maji kwenye ubao usiku kucha, chana karatasi yote palepale, futa mbao kwa kitambaa kikavu hasa zile ncha zenye matundu, zisimamishe zipate upepo kivulini.

Ngazi sasa. Mwenye nguvu zaidi anakaa chini maana uzito mwingi unashukia kwake, aliye juu anaongoza na anarudi kinyumenyume polepole, na yule wa tatu anamwambia hatua zimebaki ngapi. Mkifika pale ngazi inapogeuka msilazimishe kuzungusha mkiwa mmebeba, tueni, lisimamisheni boksi wima juu ya kandambili, lizungusheni likiwa limesimama, halafu mlishike upya. Kama boksi ni zito kupita kiasi na ngazi ni nyembamba, fungueni boksi hukohuko chini kwenye sakafu safi mpandishe ubao mmoja mmoja. Watu wanaona hii ni kupoteza muda, mimi naiona ni njia nzuri kuliko zote kwa nyumba zetu hizi za kupanga zenye korido za kubanana. Ubao mmoja ni kama kilo 15 au 17, hata kijana mmoja anaweza, ila kila ubao ufungwe blanketi au kitenge usikwaruzane na ukuta.

Kwa anayehama na kabati ambalo tayari limeshafungwa: lifungue. Najua inachosha lakini kabati la chipibodi ukilibeba zima linayumba na zile skrubu na vile vidude vya kuzungusha ndani ya matundu vinakula ubao mpaka linakuwa halikazi tena. Kulisogeza kwa kuliburuta sakafuni ni mbaya zaidi, miguu inabaki nyuma na mwili unatangulia. Toa nguo zote, toa droo, toa rafu, kisha milango, mtu mmoja ameshika mlango, mwenzake anafungua bawaba za chini kwanza na ya juu mwisho. Ubao mwembamba wa nyuma, ile hadibodi, usukume taratibu kutokea ndani karibu na misumari, ukiuvuta katikati unakatika. Piga picha kila hatua. Andika namba kwenye tepu ya karatasi, ile ya wapaka rangi, kwa sababu selotepu ya kawaida ukiibandua inaondoka na ngozi ya ubao. Skrubu za kila sehemu weka kwenye kifuko chake na vifuko vyote weka kwenye begi unalobeba wewe mkononi.

Siku ya kulifunga tena, skrubu usiitie drili moja kwa moja. Iingize kwa mkono, izungushe kwanza kinyume mpaka usikie imedondoka kwenye njia yake ya zamani, ndio uanze kukaza. Tundu likiwa limepanuka chovya njiti mbili tatu za kiberiti kwenye gundi nyeupe ya mbao, zichomeke humo, zikate zilingane, acha ikauke mpaka kesho, halafu kaza. Inashika vizuri kabisa.

Vitanda vya mbao za mti vina mambo yake. Mninga na mkongo havisagiki kona kama chipibodi ila vinachubuka, na ile sehemu ya kichwani yenye nakshi ni nzito na inabebwa na wawili hata kama ni fupi. Ukikichukua kwa mafundi wa Keko kimetoka kupigwa vanishi jana usikifunge nailoni, kwenye joto nailoni inanata na unaondoka na vanishi yote, blanketi nalo linaacha alama za manyoya. Muache fundi akae nacho siku kadhaa mpaka ukibonyeza kwa kidole gumba kisiache alama, ndio ufunge kitambaa safi cha pamba kwanza na nailoni juu yake. Boliti na nati zake usizirudishe kwenye matundu ziende zinachokonoa vitu vingine, toa zote.

Kama mzigo unaenda mkoani, kwa mfano Dar mpaka Mwanza ambako ni zaidi ya kilomita 1,100, swali la kwanza kumuuliza mwenye lori sio bei, muulize mzigo unashushwa mara ngapi njiani. Lori linaloenda moja kwa moja hata likiwa ghali kidogo ni bora kuliko linaloshusha kwenye stoo katikati ya safari na kupakia upya na makuli ambao hujawahi kuonana nao. Kwa safari hizo mimi namwambia fundi atengeneze fremu ya mbao rahisi za paina kuzunguka maboksi, inaongeza uzito ila kona hazigusi kitu. Na kitanda cha mninga kilichotengenezwa kwenye unyevu wa Dar kikifika Dodoma kwenye hewa kavu mbao zinanywea kidogo, kitaanza kulia usiku, usidhani kimeharibika, baada ya wiki chache pita na spana kaza boliti zote.

Mzigo ukifika fungua mbele ya waliouleta. Kisu kisizame, kata tepu tu juu juu, watu wengi mkwaruzo wa kwanza wa kabati lao wameuweka wenyewe kwa kisu cha kufungulia boksi. Angalia kona, hesabu mbao kwa kile kikaratasi cha maelekezo, piga picha, ndio umalizie hela. Kama fundi wa kufunga anakuja wiki ijayo, mbao zilaze bapa sakafuni, pakavu, usiziegemeze ukutani siku zote hizo.

Na kama kona imeshaumia kama ilivyokuwa ya kwangu, usiitupe ile mbao. Chukua unga wa MDF kwa fundi yeyote anayekata mashiti, uchanganye na gundi nyeupe mpaka iwe kama ugali mlaini, jaza pale palipomeguka, bana kwa vipande viwili vya mbao vilivyofungwa nailoni ili visigande, acha siku moja, piga msasa, halafu bandika ule mkanda wa pembeni kwa pasi ya nguo yenye joto la wastani. Langu lilirekebishwa hivyo, na mlango wa upande ule mpaka leo unafunga.